Jina la barabara, kiwanja cha watoto na makorongo: kwa nini barua yenu haijafika kwa madiwani

Swali: *Shikamoo. Ninaishi pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mtaa wetu una mambo matatu. Barabara yetu ilipewa jina mwaka 2022 wakati wa anwani za makazi, lakini jina hilo hakuna anayelitumia. Tunataka lile la siku zote, Mbuyuni. Pili, kuna eneo la wazi ambalo tunaambiwa kwenye ramani ni bustani na kiwanja cha watoto, na sasa watu wameanza kumwaga mchanga na matofali humo. Tatu, barabara yenyewe ni makorongo matupu, hata bajaji zinagoma kuingia. Tuliandika barua kwa Mkurugenzi tangu Machi, nakala kwa diwani na kwa Mkuu wa Wilaya. Hatujajibiwa. Diwani anasema barabara si ya halmashauri. Tufanye nini ili baraza lijadili mambo yetu?*

Jibu:

Marahaba, dada. Hoja zenu zote tatu zina msingi. Kilichowaangusha ni kuziweka kwenye barua moja. Barua ikifika masijala inawekwa kwenye jalada moja na kuelekezwa kwa ofisa mmoja. Akiwa wa mipango miji, atashughulika na eneo la wazi, jina ataona lina mtu wake, na barabara ataona ni ya wengine. Akiwa na kazi nyingi, hatashughulika na lolote, kwa sababu hakuna sehemu ya barua iliyo yake peke yake. Zitenganisheni leo. Mambo matatu, barua tatu, kila moja na muhtasari wake wa mkutano wa mtaa. Nakala kwa Mkuu wa Wilaya haina ubaya, ila haiharakishi kitu ambacho hakijapita ngazi za chini: atairudisha kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi ataishusha kata.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba baraza la madiwani halianzishi hoja za mitaani. Linapokea. Kinachojadiliwa pale mezani kimeanzia mkutano mkuu wa mtaa, kikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, yaani WDC, ambayo diwani wenu ndiye mwenyekiti na Afisa Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Kutoka hapo kinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kwenye timu ya menejimenti ya Mkurugenzi, kisha kamati ya kudumu inayohusika, na ndipo baraza. Majina ya barabara na maeneo ya wazi yanaangukia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Kitu chochote chenye shilingi ndani yake kinapita pia Kamati ya Fedha na Uongozi. Hoja ikiruka ngazi mojawapo hurudishwa, na ikirudishwa mmepoteza robo nzima ya mwaka, kwa sababu mikutano ya kawaida ya WDC na ya baraza huenda kwa robo.

Kwa hiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa. Wengi hupeleka orodha ya sahihi mia mbili wakidhani inatosha. Orodha ya sahihi ni malalamiko, na muhtasari ni uamuzi wa chombo kinachotambulika kisheria. Uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria pamoja na karatasi ya mahudhurio, agenda, na azimio lililoandikwa kwa maneno ambayo ofisa anaweza kuyanakili moja kwa moja. Usainiwe na Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, ugongwe muhuri. Azimio la "wananchi wanaomba serikali iangalie suala la barabara" halimpi mtu kazi ya kufanya. Andikeni hivi: "Mkutano Mkuu wa Mtaa umeazimia kuomba kujengwa kalvati moja na mitaro pande zote mbili katika barabara inayoanzia kwenye makutano na barabara ya shule na kuishia kwenye tangi la maji, urefu wa takriban mita 300." Hapo kuna kitu, mahali na kipimo.

Jina

Kabla ya yote, hakikisheni mnaomba kubadili kitu gani. Neno "mtaa" kwetu lina maana mbili, na kuzichanganya kumekwamisha maombi mengi. Kuna mtaa wa kiutawala, ule wenye mwenyekiti, ofisi na bendera. Majina ya mitaa hiyo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kuyabadili ni safari inayofika TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Halafu kuna mtaa kwa maana ya barabara inayopita mbele ya nyumba. Huo ndio wenye kibao na ndio unaoingia kwenye anwani. Ninyi mnataka hii ya pili, na ni nyepesi zaidi. Basi kwenye barua msiandike "kubadili jina la mtaa" hata mara moja. Andikeni "kubadili jina la barabara".

Majina mengi ya mwaka 2022 yalitolewa kwa haraka, na sababu inajulikana. Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa Februari 2022 na ilitakiwa iwe imekamilika kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo huo. Kwa miezi ile michache ilibidi kila njia nchini iwe na jina na kila jengo liwe na namba. Penye uongozi wa mtaa ulio makini, watu waliitwa wakapendekeza. Pengine karani aliandika jina la aliyemkuta nyumbani. Mamlaka zinajua hivyo, na kuomba marekebisho si utovu wa nidhamu.

Sasa tatizo lenu halisi: Mbuyuni. Ni jina zuri, linaeleza mahali, na lina sifa kubwa kuliko zote, yaani watu tayari wanalitumia. Majina yaliyozaliwa midomoni mwa watu huishi. Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, na hakuna kibao kilichohitajika kuwafundisha watu kuitamka. Lakini mibuyu Dodoma ni mingi, na kina Mbuyuni nao ni wengi. Postikodi yetu ina tarakimu tano na inaishia ngazi ya kata. Kwa hiyo barabara mbili za jina moja ndani ya kata moja zinakuwa na postikodi moja na jina moja, na mwenye pikipiki wa kuleta mzigo au gari la wagonjwa hawana namna ya kuzitofautisha. Ombi la namna hiyo halipiti, na halistahili kupita. Ingieni kwenye NaPA, programu ya anwani za makazi, kwa simu, tafuteni jina hilo kwenye kata yenu, na muulizeni mratibu wa anwani za makazi wa halmashauri. Kisha mkutano wa mtaa upitishe majina mawili kwa mpangilio: la kwanza Mbuyuni, la pili lolote lenye maana kwenu, mathalani jina la kisima, la kilima, au la mzee aliyefungua eneo hilo kama ukoo wake umeridhia. Likikataliwa la kwanza, kamati ina la pili mkononi na haina haja ya kuwarudisha mwanzo.

Nina ushauri wangu kuhusu majina ya watu. Jina la kiongozi aliye madarakani, awe wa mtaa au wa taifa, liacheni. Ni kweli nchi hii ina barabara zilizopewa majina ya watu wangali hai: Ocean Road ya Dar es Salaam iliitwa Barack Obama mwaka 2013 alipokuja akiwa Rais wa Marekani. Hayo ni maamuzi ya kitaifa yenye sababu za kidiplomasia. Kwenye barabara ya mita mia chache, jina la mtu aliye madarakani hugeuka ugomvi uchaguzi ukifika. Ile iliyo leo Barabara ya Samora ilikuwa Acacia Avenue wakati wa Waingereza, ikawa Independence Avenue, kisha ikachukua jina la Samora Machel. Kila badiliko lilikuja na zamu ya kisiasa. Barabara kubwa ya mjini inahimili hayo. Ya kwenu itawagharimu vibao vipya kila baada ya miaka mitano.

Halafu lindeni namba. Katika mfumo wetu nyumba huhesabiwa kutoka mwanzo wa barabara, witiri kushoto na shufwa kulia. Mkiomba kubadili jina peke yake, namba zote zinabaki na kazi ni kurekebisha kumbukumbu kwenye mfumo na kubadili kibao. Mkichanganya na kuomba barabara "ianzie upande wa pili" au iunganishwe na nyingine, namba zinageuka nyumba kwa nyumba, na kila mwenye leseni ya biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa anwani hiyo atalazimika kwenda kurekebisha. Andikeni wazi: mwanzo na mwisho wa barabara vibaki kama vilivyo. Ambatanisheni mchoro wa mkono unaoonyesha hivyo, na alama za eneo kutoka kwenye simu kwa ncha zote mbili.

Jambo linalosahaulika ni kibao chenyewe. Baraza linaweza kupitisha jina na nguzo isisimamishwe mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyeitengea fedha. Kama wakazi mko tayari kuigharimia, semeni hivyo kwenye azimio, na ombeni vipimo na rangi rasmi kutoka kwa mratibu. Kibao cha kujitengenezea kwa fundi wa uchomeleaji bila vipimo hivyo huondolewa.

Eneo la wazi

Hili ndilo la haraka kuliko mengine, anzeni nalo wiki hii. Barabara mbovu itakuwepo mwakani na itatengenezeka. Eneo la wazi likishajengwa nyumba moja ya matofali na kupata mita ya umeme, kulirudisha ni kesi ya miaka. Mchanga na matofali ni hatua ya kwanza ya uvamizi, na kila mvamizi anajua kwamba wiki mbili za kimya ni ruhusa.

Pigeni picha zenye tarehe. Mwandikieni Afisa Mtendaji wa Mtaa na ofisi ya mipango miji siku hiyo hiyo, barua fupi ya aya moja, mkiomba ilani ya kusimamisha ujenzi. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaoonyesha baadaye kwamba mlitoa taarifa kabla msingi haujachimbwa.

Kisha tafuteni ukweli wa maneno "kwenye ramani ni bustani". Kuna ramani mbili tofauti. Mchoro wa mipango miji unaonyesha eneo lilipangwa kuwa nini. Ramani ya upimaji inaonyesha lilipimwa kweli, likawekewa bikoni, yaani mawe ya mipaka, na kupewa namba. Kwa Dodoma kuna la ziada: hadi Mei 2017 upangaji ulikuwa chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa na kazi zake kupelekwa halmashauri, hivyo mchoro wa eneo lenu huenda ukawa wa enzi zile. Ombeni ofisa autafute kwa namba ya kiwanja cha jirani anayepakana na eneo hilo. Kila mwenye hati hapo pembeni ana namba ya kitalu kwenye karatasi zake, nayo ndiyo ufunguo wa kupata mchoro wote.

Mkikuta eneo limepangwa na limepimwa, mko imara. Ombeni halmashauri ilisimamie kwa jina lake kama eneo la wazi na irudishie bikoni zilizong'olewa. Mkikuta limepangwa lakini halikupimwa, hapo ndipo mianya ilipo, maana mtu anaweza kuja na upimaji wake mpya akakata viwanja viwili humo. Azimio lenu lisiombe bustani kwanza. Liombe upimaji. Na mkikuta halipo kwenye mchoro wowote, ila ni desturi tu ya watoto kucheza pale, basi njia ni kulisukuma liingizwe wakati wa urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa bila mpango, kabla mchoro wa urasimishaji haujaidhinishwa. Baada ya hapo mtakuwa mnaomba hisani tu.

Jihadharini pia na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, eneo lililopangwa kwa matumizi fulani haligeuzwi kimyakimya. Kunatakiwa maombi, tangazo kwa umma, kamati ya mipango miji ikae, na kibali cha mamlaka za juu. Tangazo hubandikwa eneo husika na kutoka gazetini, na muda wa pingamizi hausubiri mtu. Mpeni kijana mmoja wa mtaa kazi ya kupita ubao wa matangazo wa kata na wa mtaa kila Ijumaa. Pingamizi liwe la maandishi, litaje namba ya mchoro, na liseme athari: idadi ya watoto, umbali wa kiwanja kingine cha karibu, njia ya maji ya mvua inayopita hapo. Mara nyingi eneo la wazi ndilo linalonyonya maji ya mtaa mzima. Likijengwa, maji yanahamia vyumbani kwa watu. Hoja hiyo madiwani huielewa haraka kuliko hoja ya mandhari.

Kwenye kamati mtaulizwa swali moja ambalo huangusha bustani nyingi: nani atalitunza? Mfuko wa Barabara haununui miche. Fedha ya bustani ni mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo yanagombewa na madarasa, zahanati na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nendeni na hesabu. Tuchukulie eneo la mita 60 kwa 40. Mzunguko wake ni mita 200. Mkipanda mti kila baada ya mita 5, ni miti 40. Kila mche ukipewa ndoo moja ya lita 20, ni lita 800 kwa kila umwagiliaji, na kwa kumwagilia mara mbili kwa wiki ni lita 1,600, kiasi kinachotoka kwenye tangi la kawaida la nyumbani la lita 2,000 bila kulimaliza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mche uliopandwa Desemba mvua zikishika unahitaji maji ya ndoo kuanzia Mei hadi Novemba. Mwarobaini unastahimili. Mche uliopandwa Aprili kwa ajili ya sherehe hufa Julai. Na mbuzi: bila miiba au wavu kuzunguka kila mche kwa mwaka wa kwanza, msipande kabisa.

Ombi linaloweza kupita robo hii ni dogo: bikoni, kibao cha "Eneo la wazi, mali ya Halmashauri", na barua ya makubaliano kwamba kikundi cha mtaa kitatunza, bila kupewa haki ya kupangisha. Hilo la mwisho lisisitizwe. Bustani nyingi za miji yetu zilianza na kibanda kimoja cha soda "cha kuchangia maji ya miti", na zikaisha kuwa baa.

Barabara

Diwani wenu amesema kweli, ila ameishia njiani. Tangu Julai 2017 barabara za namna yenu zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. TARURA ina za mkusanyo, za mjazio na za jamii, na ya kwenu bila shaka ni ya jamii. Lakini meneja wa TARURA wa wilaya huleta mpango na taarifa zake mbele ya madiwani. Vipaumbele vya kata vinatoka kwa WDC. Kwa hiyo diwani asiyeweza kuagiza greda bado anaweza kuweka barabara yenu kwenye orodha, na ana haki ya kuuliza kwa maandishi kwa nini haimo.

Swali la kwanza kwa TARURA: je, barabara hii imo kwenye mtandao? Wana mfumo uitwao DROMAS wenye kila barabara wanayoitambua, urefu wake na hali yake. Barabara isiyomo haiwezi kupangiwa fedha za Mfuko wa Barabara hata ikiwa na makorongo ya kumeza lori. Mtandao wao ulikuwa na kama kilomita 108,000, na baada ya uhakiki ukafika zaidi ya 144,000. Maelfu ya kilomita yalikuwa yanakanyagwa na watu kila siku bila kuwepo kwenye karatasi. Mkiambiwa haimo, azimio lenu la kwanza liwe la kuombea usajili, si matengenezo.

Nimeona maombi mengi yanayosema "tunaomba lami". Kwa barabara ya jamii ya mita 300, sentensi hiyo inaitoa kwenye orodha ya mwaka huu na kuitupa kwenye maombi maalumu, ambako inakaa na mamia ya wenzake. Jifunzeni majina ya mafungu. Kuna matengenezo ya kawaida, ambayo ni kuchonga, kufyeka na kuzibua mitaro. Kuna matengenezo ya sehemu korofi, yaani vipande vinavyozuia kupita. Kuna ya muda maalumu, ambapo barabara nzima inawekwa changarawe upya. Kisha kuna madaraja na makalvati. Ya kwenu iombewe sehemu korofi pamoja na kalvati. Fungu hilo lipo kila mwaka.

Na elezeni ugonjwa, msieleze dalili. Korongo halitokani na magari, linatokana na maji yasiyo na njia. Greda likipita peke yake kila mwaka, linakwangua udongo na kuusukuma pembeni. Baada ya miaka minne barabara iko chini kuliko nyua za watu, nayo imekuwa mtaro. Mvua inayofuata inaifuata barabara kwa sababu ndiyo sehemu ya chini kabisa. Ndiyo maana mtaa unaochongewa kila mwaka unalia kila mwaka. Mpangilio sahihi ni mitaro na kalvati kwanza, kunyanyua tuta la barabara kwa moramu (udongo wa changarawe), kisha kuchonga kwa mgongo. Mgongo ule uonekane: kwa barabara ya upana wa mita 5, katikati pawe juu ya ukingo kwa kama sentimita 10 hadi 12. Barabara iliyolala bapa hudumisha madimbwi, na dimbwi ndilo shimo la kesho.

Hesabu ya moramu muende nayo mkononi, itawasaidia kujua kama mnachoahidiwa ni kweli. Mita 300 mara upana wa mita 5 mara unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 225. Kifusi kikiwa kwenye lori kimejaa hewa, kwa hiyo ongezeni kama theluthi: inakuwa karibu mita za ujazo 290 hadi 300. Kwa lori la mita 15 ni safari kama 20. Mkiona zimeletwa safari sita na greda likazisambaza mita 300 zote, mmepata vumbi la sentimita nne au tano tu. Bora safari hizo sita ziwekwe kwenye mita 90 mbovu kabisa na zishindiliwe sawasawa. Na kushindilia kunataka maji. Kiangazi cha Dodoma udongo ni mkavu, na rola likipita bila gari la maji haligandamizi kitu. Muulizeni msimamizi gari la maji liko wapi kabla hajaanza.

Kalvati la kipenyo cha milimita 600 ni rahisi, ila huziba kwa mchanga na mifuko ya plastiki, na kulizibua ni shida. La 900 linazibulika kwa koleo refu. Likilazwa bila mteremko, angalau sentimita mbili kwa kila mita, litajaa mchanga kabla ya Machi. Angalieni pia linamwaga wapi: kalvati linaloelekeza maji kwenye ua wa mtu limezaa kesi, na kesi imesimamisha mradi. Huenda njia ya maji ni lile eneo la wazi. Mambo haya mawili yakutanisheni kwenye mchoro mmoja, ingawa barua ni mbili.

Kuhusu fedha. Mfuko wa Barabara unatokana hasa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 tozo hiyo ilipanda kwa shilingi 100 kwa lita, na ile mia ya nyongeza ilielekezwa TARURA. Miradi kama TACTIC, inayohusu miji 45, ni ya barabara kubwa na mifereji mikuu. Msiitegemee kwa barabara ya jamii. Njia mbili za pembeni zinazofaa kwa kalvati moja ni mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo TARURA hubaki msimamizi wa kitaalamu, na Mfuko wa Jimbo, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake na ambao hupenda kukamilisha kazi ambayo wananchi wameshaianza. Mawe na mchanga mliokusanya, vikiwa vimepimwa na kuandikwa kwenye muhtasari, vinahesabika kama mchango. Msichimbe barabara wenyewe bila kibali, hata kwa nia njema, kwani mabomba ya maji yanapita humo.

Lini

Mwaka wa fedha ni Julai hadi Juni, na barua yenu ya Machi ilifika wakati mbaya kuliko wote: bajeti ya halmashauri imeshapitishwa na madiwani na iko njiani kwenda juu. Vipaumbele vya kata huandikwa kati ya Oktoba na Desemba, na baraza la bajeti hukaa Januari au Februari. Azimio lenu la barabara linatakiwa liwe WDC kabla ya Novemba kuisha. La jina na la eneo la wazi hayafungwi na kalenda hiyo, yaingie WDC ya robo iliyo karibu.

Mkutano wa baraza uko wazi kwa wananchi kusikiliza. Nendeni wawili au watatu, mkae kimya, mwandike. Mara nyingi kuna siku ya taarifa za kata na siku ya taarifa za kamati. Siku ya kwanza sikilizeni kama mambo yenu yamo kwenye taarifa ya kata yenu. Yasipokuwemo, kosa limetokea kwa Afisa Mtendaji wa Kata na si kwa baraza, na hapo mnajua mlango wa kugonga kesho yake asubuhi. Diwani naye mwombeni alete swali la maandishi chini ya Kanuni za Kudumu za baraza. Swali la maandishi lazima lijibiwe na jibu linaingia kwenye kumbukumbu, wakati malalamiko ya mdomo kwenye "mengineyo" yanaishia ukumbini. Mwandikieni ninyi wenyewe rasimu, kama hii: "Je, barabara hii imo kwenye mtandao wa TARURA, na kama imo, imepangiwa fungu gani katika mwaka wa fedha ujao?" Mkipata jibu la swali hilo, leteni hapa pamoja na namba ya mchoro wa eneo la wazi, tuendelee kutoka hapo.